UZI: Barua za kale zilizofumbua mafumbo ya historia, na nyingine zilizoyaongeza

#1 Tarishi

Wakuu, salaam. Uzi huu nimekaa nao moyoni muda mrefu. Nitauandika kwa vipande, mwenye la kuongeza aongeze, mwenye swali aulize.

Naanza na barua moja.

Tarehe 2 Agosti 2018, mtafiti Mwitaliano aitwaye Salvatore Ricciardo, wa Chuo Kikuu cha Bergamo, alikuwa London katika maktaba ya Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza. Alikwenda kwa shughuli nyingine kabisa: alikuwa anatafuta maneno ambayo wasomaji wa zamani waliandika pembezoni mwa kurasa za vitabu vya Galileo, yule mtaalamu wa nyota wa Italia. Katika kuperuzi orodha ya maktaba akakutana na mstari unaosema kuna barua ya Galileo kwenda kwa Castelli, ya tarehe 21 Oktoba 1613.

Anayeifahamu habari ya Galileo akisoma mstari huo lazima ashtuke. Barua ya Galileo kwa rafiki yake Benedetto Castelli ndiyo mahali pa kwanza alipoandika waziwazi kwamba Maandiko Matakatifu yasichukuliwe neno kwa neno katika mambo ya nyota na sayari. Ila barua hiyo inajulikana kuwa ya 21 Desemba, siyo Oktoba. Na karatasi yenyewe ya asili, ile iliyotoka mkononi mwa Galileo, hakuna mwanahistoria aliyekuwa na habari nayo. Zilikuwapo nakala tu, nyingi, na hazikufanana.

Hapo ndipo penye fumbo. Tarehe 7 Februari 1615 mtawa mmoja wa Kidominiko, Niccolò Lorini, alipeleka nakala ya barua hiyo Roma kwa baraza la Kanisa lililochunguza uzushi. Nakala ya Lorini ilikuwa na maneno makali. Siku chache baadaye, tarehe 16, Galileo akamwandikia rafiki yake Piero Dini, mtu wa Kanisa huko Roma, akidokeza kwamba huenda iliyopelekwa imechezewa, akaambatanisha nyingine yenye lugha ya upole, akasema hiyo ndiyo ya kweli. Sasa nani alisema kweli? Lorini alitia chumvi ili kumchongea mwenzake, au Galileo alipunguza ukali alipoona maji yamefika shingoni? Miaka mia nne watu wamebishana.

Karatasi ya London imejibu. Kwanza tarehe iliyomo ndani ni 21 Desemba 1613, aliyeandika orodha alikosea. Pili mwisho wake kuna sahihi "G.G.". Tatu, na hili ndilo kubwa, imejaa mikato. Pale Galileo alipokuwa amesema kwamba baadhi ya kauli za Maandiko ni "za uongo" zikichukuliwa kwa maana ya juu ya maneno, neno hilo limekatwa, na juu yake pameandikwa kwamba zinaonekana kutofautiana na ukweli. Mahali pengine aliandika kwamba Maandiko "yanaficha" mafundisho ya msingi. Akakata, akaweka neno laini zaidi, "yanafunika".

Ricciardo na wenzake wawili, Franco Giudice na Michele Camerota, walilinganisha neno moja moja na maandishi mengine ya Galileo ya miaka ile. Mwandiko ni wake, wa chini na wa juu. Maneno yaliyokatwa ndiyo yaliyomo katika nakala ya Lorini. Maneno ya juu ndiyo yaliyomo katika ile aliyompelekea Dini.

Kwa hiyo Lorini hakutia chumvi. Galileo mwenyewe alilainisha barua yake, kisha akawaambia watu kwamba ya kwanza huenda imechezewa. Simlaumu. Mtu aliyejua baraza lile linaweza kumfanya nini, kalamu yake itatetemeka. Ila sasa tunajua, na tunajua kwa sababu wino wa kwanza unasomeka chini ya mkato.

Jambo lililonifanya nifungue uzi ni hili: barua hiyo haikuwa imepotea. Ilikaa katika maktaba hiyo miaka isiyopungua 250, imeorodheshwa, na mtu yeyote angeweza kuiomba. Ilikuwa na tarehe isiyo yake, basi.

Naendelea.

#2 Kalamu Nyeusi

Mkuu nimekaa mkao wa kusoma. Swali la haraka: walijuaje kwamba si nakala nyingine iliyoandikwa na mwanafunzi wake mwenye mwandiko unaofanana?

#3 Tarishi

Swali zuri. Mwandiko peke yake mtu anaweza kuuiga. Mikato ni vigumu. Anayenakili huandika maneno ya mwisho yakiwa safi, kwa sababu anayo mbele yake. Anayetunga ndiye anayekata, anayebadili mawazo katikati ya mstari. Ukiona karatasi ambayo maneno ya kwanza na ya pili yote yametoka mkono mmoja, na matoleo mawili tofauti yalizunguka duniani baadaye, hapo umeshika shina, matawi yote yametoka humo.

Sasa ya pili, nayo ni ya kabatini vilevile.

Mary, malkia wa Scotland, alifungwa Uingereza kwa amri ya binamu yake Elizabeth kwa miaka 19, mpaka alipokatwa kichwa tarehe 8 Februari 1587. Akiwa kifungoni aliandika barua nyingi sana kwa maandishi ya siri. Wanahistoria walijua kwamba alikuwa akiandikiana kwa siri na balozi wa Ufaransa jijini London, Michel de Castelnau, kwa kuwa barua nyingine za wakati ule zinalitaja jambo hilo. Zenyewe zilihesabiwa kuwa zimepotea.

Kuna watu watatu wanaopenda kufumbua maandishi ya siri: George Lasry wa Israel, mtaalamu wa kompyuta, Norbert Biermann wa Ujerumani, mwalimu wa muziki, na Satoshi Tomokiyo wa Japani, ambaye fani yake ni fizikia. Walikuwa wakipekua picha za nyaraka za Maktaba ya Taifa ya Ufaransa ambazo mtu yeyote anaweza kuzitazama kwenye intaneti. Wakakuta rundo la karatasi zilizojaa alama tupu, hakuna jina, hakuna tarehe. Orodha ilisema ni mambo ya Italia ya nusu ya kwanza ya karne ya 16.

Wakajaribu Kiitaliano, hakuna kitu. Wakajaribu Kifaransa, vipande vikaanza kujitokeza. Kwanza wakaona mwandishi anajitaja kwa maneno ya jinsia ya kike. Kisha "uhuru wangu". Kisha "mwanangu". Mwanamke, hayuko huru, ana mtoto wa kiume. Halafu likajitokeza jina moja: Walsingham. Huyo alikuwa waziri wa Elizabeth na mkuu wa majasusi wake. Hapo hapakuwa na shaka tena.

Barua 57, karibu zote za Mary kwa Castelnau, kati ya 1578 na 1584. Maneno yapata 50,000. Walitangaza Februari 2023. Humo mna malalamiko ya afya na hali ya kifungo, mazungumzo na Elizabeth ya kuachiliwa ambayo hakuyaamini, na uchungu wa mama: mwanawe James alipotekwa na mabwana wa Scotland mwaka 1582, Mary anaandika kama mtu aliyeachwa na kila mtu, na Ufaransa ikiwamo.

Na kuna jambo la pembeni lililonisisimua zaidi. Walipokwisha kufumbua, waligundua kwamba baadhi ya barua hizo zimo pia katika nyaraka za Waingereza, zimeandikwa kwa maneno ya kawaida. Yaani mtu ndani ya nyumba ya balozi alikuwa akiwapelekea watu wa Walsingham nakala zilizokwisha kufumbuliwa. Mary anamwonya balozi awe makini na watu wake, na onyo lenyewe linapita mikononi mwa mpelelezi.

#4 Dada wa Hesabu

Naomba niongezee kidogo hapo kwenye kufumbua, maana watu hudhani kompyuta inabonyezwa tu na jibu linatoka.

Maandishi ya siri ya kitoto ni yale ambayo herufi moja inawakilishwa na alama moja. Hayo yanavunjika kirahisi: katika lugha yoyote kuna herufi zinazojirudia kuliko nyingine, unahesabu tu. Watu wa wakati wa Mary walilijua hilo, kwa hiyo herufi inayojirudia sana waliipa alama kadhaa, wakawa wanazibadilisha. Juu ya hapo kulikuwa na alama za maneno mazima, za majina ya watu, za miezi, na alama za kupoteza maboya ambazo hazina maana yoyote.

Kompyuta inafanya hivi: inabuni ufunguo wowote, inasoma matokeo, inapima yanafanana kiasi gani na Kifaransa cha kweli. Inabadilisha kidogo, inapima tena. Ikipanda inabaki na mabadiliko, ikishuka inayaacha. Mamilioni ya mara. Ila kabla ya hayo ni lazima mtu wa nyama na damu akae anakili alama moja moja kutoka kwenye picha. Katika barua hizi alama zilizidi 150,000. Na mwisho kompyuta inaishia kwenye herufi. Alama za majina na maneno mazima wanazifumbua watu kwa kusoma na kukisia na kusoma tena. Hao watatu wanastahili heshima kubwa.

#5 Mtafiti Huru

Uzi mzuri, ila naomba niweke tahadhari kabla hatujazifanya barua kuwa msahafu.

Barua mbili maarufu sana za kale ni za Pliny Mdogo kwa mwanahistoria Tacitus, kuhusu mlipuko wa mlima Vesuvius mwaka 79. Pliny alikuwa na miaka 17, yuko Misenum upande wa pili wa ghuba. Mjomba wake, Pliny Mkubwa, alikuwa mkuu wa kikosi cha meli. Alivuka kwenda kuokoa watu akafia huko. Kijana akaeleza wingu lililopanda kama mti wa msonobari, shina refu, kisha matawi yakitanuka juu. Maelezo ni makini kiasi kwamba wataalamu wa volkano mpaka leo milipuko ya namna hiyo wanaiita kwa jina lake.

Sasa tarehe. Barua inasema 24 Agosti. Ndivyo ilivyofundishwa karne kwa karne. Lakini waliochimba Pompeii, mji uliofukiwa na mlipuko huo, walikuwa wakikuta vitu visivyokaa na Agosti: matunda ya mwisho wa msimu, majiko ya kuotea moto yakiwa yanatumika. Mwaka 2018 ukapatikana ukutani mstari ulioandikwa kwa mkaa, wenye tarehe ambayo kwa hesabu yetu ni 17 Oktoba. Mkaa ukutani haudumu, unafutika kwa kuguswa, kwa hiyo uwezekano mkubwa uliandikwa mwaka uleule wa mlipuko. Wengi sasa wanaona mlipuko ulikuwa 24 Oktoba, ingawa wapo wanaoshikilia Agosti.

Je, Pliny alidanganya? Sidhani. Barua zake za asili hazipo. Tulichonacho ni nakala za nakala, zilizoandikwa kwa mkono karne nyingi baadaye, na nakala hizo zenyewe hazikubaliani juu ya tarehe. Mnakili mmoja akisinzia kwenye tarakimu, dunia nzima inasherehekea siku isiyo yake. Kwa hiyo ukiletewa barua, swali la kwanza ni "unasoma karatasi ya nani?". Inasema nini, hilo la baadaye.

#6 Tarishi

Mtafiti, umenena. Na hilo la Pliny linaonyesha kitu kingine ninachokiamini sana: barua hukosolewa na kitu kidogo kisichokusudia kukosoa chochote. Aliyeandika ukutani kwa mkaa hakuwa anajibizana na Pliny.

#7 Msomaji wa Usiku

Na zile barua ambazo mtu amezifuta makusudi, zinasomekaje? Nilisikia kuhusu Marie Antoinette.

#8 Tarishi

Hiyo ni ya kusimulia taratibu.

Juni 1791 familia ya mfalme wa Ufaransa ilijaribu kutoroka Paris, ikakamatwa njiani na kurudishwa chini ya ulinzi. Mmoja wa waliopanga utoro huo ni Axel von Fersen, bwana mkubwa wa Uswidi. Kuanzia hapo hadi Agosti 1792 yeye na malkia waliandikiana kwa siri. Barua zipo katika hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Ufaransa, lakini sehemu fulani fulani zimefunikwa kwa mizunguko minene ya wino, na juu yake zimepachikwa herufi ovyoovyo kama J, L na T, ili jicho lisishike neno la chini. Zaidi ya karne moja watu walijiuliza mawili: kuna nini chini, na nani alifunika? Shaka iliwaangukia jamaa wa ukoo wa Fersen waliozirithi barua, kwamba waliona haya.

Wino wa wakati ule ulitengenezwa kwa chumvi ya chuma iliyochanganywa na maji ya vinundu vya mti wa mwaloni. Chumvi hiyo haikuwa safi. Ilikuja na shaba kidogo, zinki kidogo, na kiasi kilitofautiana chupa kwa chupa. Kwa jicho wino wote ni mweusi. Kwa miale ya eksirei, kila madini hujibu kwa namna yake. Watafiti wakiongozwa na Anne Michelin walipima kila nukta ya zile sehemu zilizofunikwa, wakachora ramani ya shaba peke yake, ya chuma peke yake. Pale wino mbili zilipotofautiana, mizunguko ya juu ikaondoka kwenye picha, na maneno ya chini yakabaki.

Walichapisha matokeo Oktoba 2021. Kati ya barua 15, nane zilisomeka. Maneno yaliyofichwa ni ya mapenzi: mpendwa, rafiki mwororo, nakupenda mno. Siri za vita na njama hazikuwamo.

Na aliyefunika? Ni Fersen mwenyewe. Katika barua nyingine kuna maneno aliyoyaongeza juu ya mstari kwa mkono wake, na wino wa maneno hayo ndio wino wa mizunguko. Zaidi ya hapo, baadhi ya barua zilizodhaniwa kuwa za mkono wa malkia ni nakala alizozinakili Fersen.

Mimi hapo nasimama kidogo. Angeweza kuzichoma. Wakati ule barua hizo zilikuwa hatari kwake na kwa jina la malkia. Alikaa na kalamu akaficha neno moja moja, karatasi akazitunza.

#9 Kalamu Nyeusi

Hapo kwenye kutunza pamenigusa.

Nauliza kitu kingine. Hawa wote ni wafalme, malkia na wasomi. Sisi wengine? Babu za watu wa kawaida hawakuandika?

#10 Lakiri

Naomba nijibu hili, ndilo eneo ninalolipenda.

Waliandika, au waliandikiwa. Mwaka 1758 meli ya Kifaransa iitwayo Galatée, iliyotoka Bordeaux kuelekea Quebec, ilikamatwa na Waingereza. Barua za wake, wazazi na wachumba wa mabaharia zilizokuwa zikiifuata meli bandari hadi bandari zikapelekwa Uingereza. Wakubwa wa jeshi la majini walifungua mbili tatu, wakaona ni habari za nyumbani, wakaziweka stoo. Zilikaa humo kwa zaidi ya miaka 250. Mwanahistoria Renaud Morieux wa Cambridge aliomba kuliona boksi katika hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Uingereza, huko Kew, London, kwa udadisi tu, akakuta vifurushi vitatu vimefungwa utepe. Barua 104, nyingine bado zina lakiri, yaani muhuri wa nta. Alitangaza matokeo yake mwaka 2023.

Zaidi ya nusu zimesainiwa na wanawake. Wengi wao hawakujua kuandika, walimwendea mtu anayejua wakamtamkia. Morieux aliwatambua mabaharia wote 181 wa meli ile. Robo yao walikuwa wameandikiwa barua humo.

Kuna mmoja, Marie Dubosc, mke wa afisa wa meli hiyo Louis Chambrelain. Anamwambia mumewe kwamba angeweza kukesha akimwandikia, kwamba yeye ni mke wake mwaminifu daima, kisha anaaga kwa kuwa ni saa sita ya usiku. Hakujua kwamba meli imekamatwa. Barua haikufika. Mwaka uliofuata Marie akafa, karibu hakika kabla mume hajaachiliwa.

Miaka mingi tulikuwa tunaambiwa kwamba wanawake wa mabaharia walikaa wakingoja. Soma barua hizi: wanasimamia madeni, wanagombana na wakwe, wanadai mishahara ya waume zao, wanapeana habari za mabaharia wengine ili zisambae bandari nzima. Barua moja ilibeba salamu za nyumba nyingi. Tena salamu hizo ndizo wasomaji wengi huziruka! "Fulani anakusalimu, fulani mzima, fulani amejifungua." Mwanahistoria akizipanga anapata ramani nzima ya nani alikuwa hai, nani alikuwa karibu na nani, na nani hatajwi tena.

#11 Msomaji wa Usiku

Lakiri, na zile ambazo hazijafunguliwa kabisa? Si zikifunguliwa zinaharibika?

#12 Lakiri

Kabla ya bahasha kuwa kitu cha kila siku, watu walikunja barua yenyewe, wakaichana ukanda, wakaupitisha, wakaibandika lakiri, ili asiyehusika akifungua ijulikane. Ukikata unapoteza ushahidi wa mkunjo.

Kuna sanduku la msimamizi wa posta wa The Hague, Uholanzi, Simon de Brienne, lenye barua 2,600 za miaka 1689 hadi 1706 ambazo hazikuwafikia wenyewe. Enzi zile aliyelipa ni mpokeaji, kwa hiyo asipopatikana au akikataa, barua inabaki posta. Kama 600 hazijafunguliwa hata leo. Mwaka 2021 watafiti waliipiga barua moja eksirei ya tabaka kwa tabaka, kompyuta ikaikunjua kwenye skrini, karatasi yenyewe ikabaki imefungwa. Ni ya tarehe 31 Julai 1697, mtu anamwomba binamu yake mfanyabiashara amtumie nakala iliyothibitishwa ya tangazo la kifo cha ndugu yao. Habari ndogo sana. Mimi nilipoisoma nilikaa kimya muda.

#13 Mtafiti Huru

Nirudi kwenye tahadhari, na hii ni ya kughushi.

Tarehe 25 Oktoba 1924, siku nne kabla ya uchaguzi wa Uingereza, gazeti la Daily Mail lilichapisha barua iliyodaiwa kutoka kwa Grigory Zinoviev, kiongozi wa kikomunisti wa Moscow, ikiwachochea wakomunisti wa Uingereza. Chama cha Labour kikashindwa. Zinoviev alikana. Karatasi ya asili haijaonekana hadi leo. Mwaka 1999 mwanahistoria wa wizara ya mambo ya nje ya Uingereza, Gill Bennett, aliyepewa ruhusa ya kuona majalada ya siri, alihitimisha kuwa ni ya kughushi. Nani hasa aliiandika, bado wanabishana.

Barua inayojitokeza siku inayohitajika, ikisema maneno yanayohitajika, na asili yake haionekani: hapo mimi naweka kalamu chini.

#14 Dada wa Hesabu

Na nyingine zinafumbua na kufunga papo hapo. Barua za Albert Einstein na Mileva Marić zilipochapishwa mwaka 1987, dunia ilijua kwa mara ya kwanza kwamba walikuwa na binti, Lieserl, aliyezaliwa mwaka 1902 kabla hawajaoana. Waandishi wa maisha yake hawakuwa na habari. Barua ya Septemba 1903 inataja kwamba mtoto ana homa ya vipele vyekundu. Baada ya hapo hatajwi tena popote. Alikufa? Alilelewa na watu wengine? Barua zilitupa mtoto, zikamchukua.

#15 Kalamu Nyeusi

Tarishi, na upande wetu? Barua za Kiswahili za kale zipo?

#16 Tarishi

Zipo, na mahali zilipo ndilo somo lenyewe.

Maandishi ya zamani kuliko yote yanayojulikana kwa Kiswahili ni barua. Ziliandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu, kwenda kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao. Na ziko wapi leo? Ziko Goa, India, katika hifadhi ya nyaraka ya huko, kwa sababu Goa ndiyo ilikuwa makao ya utawala wa Wareno katika Bahari ya Hindi.

Ukiwa mtafiti mchanga utatafuta barua ya Kilwa huko Kilwa. Hapana. Barua huenda. Anayeitunza ni aliyeipokea. Mfalme Afonso wa Kongo alimwandikia mfalme João wa Ureno mwaka 1526 akilalamika kwamba wafanyabiashara wanawakamata watu wake, hata watoto wa mabwana na jamaa zake, na nchi inabaki tupu. Sauti hiyo tunaisikia leo kwa kuwa Ureno waliweka karatasi. Mary alifungwa Uingereza, barua zake zikapatikana Paris. Ukitafuta alichosema mtu, tafuta kwanza aliyeambiwa.

Ya mwisho kwangu ina neno la Kiswahili ndani yake. Mwaka 1871 David Livingstone alikuwa Manyema, mashariki ya Kongo ya leo, ameishiwa karatasi na wino. Akawa anaandika juu ya magazeti ya zamani, kwa wino wa mbegu ambao yeye mwenyewe anautaja kwa jina la zingifuri. Wino huo ulififia, herufi za gazeti zikabaki, mwandiko ukawa hausomeki. Watafiti wakiongozwa na Adrian Wisnicki wakazipiga picha karatasi hizo kwa mwanga wa rangi nyingi tofauti, mpaka wakapata rangi ambayo gazeti linafifia na zingifuri inajitokeza. Walianza na barua aliyomwandikia rafiki yake Horace Waller Februari 1871 akiwa Bambarre, ambamo anakiri jinsi alivyochoka na kumsihi maneno hayo ayasome peke yake. Kisha wakasoma shajara yake ya mwaka huo.

Humo ndimo mna mauaji ya sokoni Nyangwe, Julai 1871, ambayo habari yake ilipofika Uingereza ilisaidia kuleta shinikizo la kufungwa kwa soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873. Maneno ya shajara hayalingani moja kwa moja na yaliyochapishwa baada ya kifo chake katika kitabu kilichohaririwa na Waller huyohuyo. Katika yale ya awali kuna wasiwasi mzito juu ya mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe. Kitabu kilichapishwa mwaka 1874. Karatasi yenyewe ilisomeka mwaka 2011.

#17 Msomaji wa Usiku

Nimesoma uzi wote na nimepata wasiwasi. Nina sanduku la marehemu babu. Barua nyingi, nyingine zimeanza kukatika kwenye mikunjo. Nilipanga wikendi hii nizibandike kwa selotepu na nyingine nikaziwekee plastiki ya moto ile ya vyeti.

#18 Lakiri

Tafadhali usifanye yote mawili! Gundi ya selotepu baada ya miaka inageuka kahawia na kupenya karatasi, haitoki. Plastiki ya moto haiondoleki tena.

Fanya hivi. Kabla hujagusa, piga picha sanduku lilivyo, maana mpangilio wenyewe ni habari: barua zilizofungwa pamoja zilifungwa pamoja na mtu kwa sababu. Toa moja moja kwa mikono mikavu na safi. Piga picha mbele, nyuma na bahasha, bila mwanga wa ghafla. Ukitaka kuweka namba tumia penseli laini, pembeni kabisa, kalamu ya wino hapana. Usinyooshe mkunjo kwa nguvu. Weka kwenye bahasha za karatasi isiyo na asidi ukizipata, mahali pakavu pasipo na jua. Na waulize wazee waliobaki majina yaliyomo, leo, usingoje mwezi ujao.

#19 Tarishi

Nyongeza moja: bahasha usitupe. Ndani mtu anaandika "Jumatatu" tu. Nje kuna muhuri wa posta wenye tarehe na mji.

#20 Msomaji wa Usiku

Nimerudi. Sikubandika chochote.

Barua ni 31, bahasha 26. Nilikuwa naamini zote ni za babu kwenda kwa bibi. Sivyo. Tisa zina mwandiko mwingine kabisa, wa duara, na mwisho hazina sahihi, kuna alama ya dole gumba la wino. Salamu zake zinaanzia kwa babu. Nadhani ni bibi, na alikuwa akimtamkia mtu. Mimi nilikua nikijua bibi hakuwahi kuandika barua maishani mwake.

Aliyemwandikia simjui. Jina lake halipo popote.

#21 Lakiri

Angalia zile 26. Mwandiko wa duara ukiuona juu ya bahasha yoyote, geuza upande wa nyuma. Waandishi wengine walikuwa wakiweka jina lao hapo, dogo, chini ya mkunjo wa gundi.

#22 Msomaji wa Usiku

Naangalia sasa hivi.